Nusu ya Lindi kwenye Ndege ya Mahujaji

Kabla ya kuajiriwa kwenye mambo ya ndege nilikuwa nauza vitambaa sokoni Lindi, na kitambaa hupimwa mara mbili: mara ya kwanza kwa ajili ya mteja, mara ya pili kwa ajili yako. Tabia hiyo ndiyo iliyonipatia kazi. Miaka michache baada ya Uhuru watu wa shirika la ndege walikuwa wanatafuta vijana wa kurithi ufundi wa Wazungu waliokuwa wanafunga mizigo kurudi kwao, na bwana mmoja aliyekuwa akitusaili alinipa kopo la skrubu akaniambia nihesabu. Nikahesabu. Akanyoosha mkono kuchukua kopo lake. Nikamwambia bado, nikahesabu tena. Wenzangu wakacheka. Wiki tatu baadaye wao bado wako sokoni wanacheka, mimi niko melini naelekea Dar es Salaam.

Nimeanza na sifa hii kwa sababu ndiyo iliyoniponza.

Ujamaa ulipokuwa umeshika kasi, mimi nilikuwa fundi wa vyombo vya ndege, upande wa masanduku ya kuonyesha njia. Mama alikuwa anakaa Lindi, mtaa wa Mtanda, na shamba lake la mikorosho liko nje ya mji. Mwaka alioipata nafasi ya kwenda Hija, pamoja na mjomba wangu, kaka yake, aliyekuwa maharimu wake, mwanamume wa ukoo wa kumsindikiza, nilikwenda nyumbani kumsaidia karatasi. Nilimkuta jikoni, amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi.

"Hiyo ndege yenu inaijuaje njia?" aliniuliza. "Kule juu hakuna hata mnazi wa kukumbukia."

Nikamwambia ndani ya ndege mna sanduku, na ndani ya sanduku mna vitu vinazunguka kama pia za watoto, kwa kasi sana. Sanduku halitazami nje. Halioni nyota, halisikilizi redio. Linahisi tu kila linaposukumwa, mbele, kushoto, juu, na linahesabu. Kama mtu aliyefungwa kitambaa machoni mlangoni kwake akaambiwa atembee mpaka mtaa wa Rasbura kwa kuhesabu hatua.

"Akikosea hesabu?"

"Ndiyo maana kuna masanduku matatu. Moja likikosea, mawili yanalishinda."

"Na yakikosea mawili?"

"Haitokei, mama."

"Basi waambie waweke la nne."

"Matatu yanatosha."

"Wewe ulikuwa muuza vitambaa," mama alisema, "unajua kwamba anayesema inatosha ndiye mwenye kipimo kifupi. Omba manne, watakupa matatu na nusu."

Sikumwambia kwamba ndege nyingine zina mawili tu. Si kila ukweli unaandikwa kwenye bango la duka.

Lakini ndiyo hali yenyewe ilivyokuwa, na karakana yetu ilikuwa imegawanyika juu ya jambo hilo kuliko juu ya mpira. Kulikuwa na watengenezaji walioamini matatu. Hao nao hawakuelewana: wengine walitaka majibu yote matatu yachanganywe, rubani aonyeshwe moja la katikati, asisumbuliwe na ugomvi wa nyumbani, wengine walitaka rubani aone yote matatu, aamue mwenyewe nani mwongo. Halafu kulikuwa na wale wa mawili. Hoja yao ilikuwa kwamba sanduku la tatu ni ndugu wa yale mawili, limezaliwa kiwanda kimoja, litaugua ugonjwa mmoja. Afadhali uwe na mawili, na yakipishana umwulize mtu asiye wa ukoo: redio ya chini, ramani, jicho la binadamu.

Mimi nilikuwa wa matatu, kwa moyo wangu wote. Mkuu wetu wa karakana, mtu mzima mwenye sauti ya chini na kalamu tatu mfukoni, zote za rangi moja, alikuwa ananiambia, "Kijana, ulishawahi kuhudhuria mkutano wa kijiji?" Namwambia ndiyo. "Mwenyekiti akinyoosha mkono wa kwanza, mikono mingine mia inanyooka. Hapo umehesabu kura ngapi?" Nilimchukulia kama mtu anayepinga maendeleo.

Sasa, sanduku haliwezi kuanza kuhesabu mpaka liambiwe liko wapi. Ndege ikiwa imesimama, haijaguswa, fundi anawasha, anachapa namba za mahali ilipo, na sanduku linatulia kama robo saa likitafuta kaskazini. Namba ni mbili. Ya kwanza ni ya kusini na kaskazini, na hapo huwezi kulidanganya sana: linahisi dunia inavyozunguka chini yake, ukisema uongo linawasha taa. Ya pili ni ya mashariki na magharibi. Hiyo halina namna ya kuihisi. Linakuamini. Kule kwetu karakana kulikuwa na amri kwamba kila sanduku lichapiwe peke yake. Lakini palikuwa na swichi: ukichapa kwenye la kwanza na kuigeuza, mengine mawili yananakili. Swichi iliwekwa na watengenezaji wenyewe, nami nikajiambia hawakuiweka kwa urembo.

Namba za uwanja wa Dar es Salaam nilikuwa nazo kwenye kipande cha karatasi mfukoni mwa shati: nyuzi sita na dakika hamsini na mbili kusini, nyuzi thelathini na tisa na dakika kumi na mbili mashariki. Chini yake niliandika za Lindi: nyuzi kumi kusini, thelathini na tisa na dakika arobaini na tatu mashariki. Za Lindi hazikuwa za kazi. Alasiri kukiwa kimya, ndege iko karakanani, nilikuwa nachapa Lindi kama safari, na sanduku linaniambia: maili mia na tisini hivi, elekea kusini. Nageuza la pili, linasema hivyo hivyo. La tatu hivyo hivyo. Mtu aliye mbali na kwao hupenda kusikia mashahidi watatu wakikubaliana kwamba nyumbani kupo.

Asubuhi ya safari ya mama nilikuwa zamu, na likizo yangu ilianza siku ile ile, maana korosho zilikuwa zinaanguka na shamba halina mtu. Basi la Lindi lilikuwa linaondoka saa mbili. Ndege ilikuwa ya masanduku matatu. Nilikuwa nimekaa mbele, kwenye chumba cha marubani, nikaona kupitia dirishani mahujaji wanakuja kwa mstari, na mama yumo, amemshika mjomba kwenye mkono wa koti kama anayeogopa atauzwa. Nikachapa. Nikatoa penseli, nikaweka alama ya vema kwenye karatasi mbele ya kila namba. Nikahakiki tena, nikaweka vema ya pili. Nikageuza swichi, la pili na la tatu yakanakili. Nikateremka.

Nilimkuta chini ya ngazi.

"Umeyahesabu?" aliniuliza.

"Mara mbili."

"Haya. Korosho usimwachie jirani akuokotee. Anaokota na za kwake humo humo."

Nikambusu mkono, nikakimbilia basi. Sikuiona ndege ikiruka.

Tulifika kwenye pantoni ya Rufiji mchana, saa nane na kitu. Mgambo alikuwa anakagua barua za safari. Nikatoa barua yangu ya likizo mfukoni na kile kipande cha karatasi kikatoka nacho, kikaanguka kwenye tope. Nikakiokota. Nikakifuta. Na ndipo nikaona.

Vema mbili zilikuwa mbele ya nyuzi sita na dakika hamsini na mbili, za Dar es Salaam. Sawa. Vema mbili nyingine zilikuwa mstari wa chini, mbele ya thelathini na tisa na dakika arobaini na tatu.

Hizo ni za Lindi.

"Ndugu, pita," mgambo alisema. "Ndugu. Barua yako hii hapa."

Nilisimama nikiitazama karatasi kama mtu anayesubiri bei ishuke yenyewe. Nilifanya hesabu. Dakika thelathini na moja, kilomita hamsini na zaidi. Masanduku yote matatu yanaamini kwamba ndege imeanzia kilomita hamsini mashariki ya ilipo, na hakuna hata moja litakalobisha, kwa kuwa yote yamefundishwa na mwalimu mmoja, nami ndiye mwalimu. Dar es Salaam na Jeddah karibu ziko kwenye mstari mmoja wa kwenda kaskazini. Katikati kuna milima ya Uhabeshi. Kuna jangwa. Rubani atatazama majibu matatu, atayaona yanafanana hadi tarakimu ya mwisho, ataagiza chai.

Nikajaribu kujipa moyo. Labda nilichapa sawa nikaweka vema vibaya. Lakini mimi sifanyi hivyo. Penseli hufuata kidole. Labda redio za chini zitamshtua. Za wapi, huko jangwani? Tangu saa moja waliyopangiwa kuruka mpaka saa nane ni saa saba. Kama alifika, alishafika. Kama hakufika, hakufika. Na mimi niko ukingoni mwa mto, kuku wa mtu ananidonoa kiatu, na simu ya karibu haipo hata kwa kuhonga.

"Unaumwa?" aliniuliza mama mmoja aliyekaa nami kiti kimoja.

"Hapana."

"Basi usinipumulie hivyo, unaniogopesha."

Barabara ilikuwa imelowa na basi lilikwama mara mbili, tukalala njiani. Usiku ule sitausimulia. Kulipokucha tulifika Nangurukuru, pale njia inapochepuka kwenda Kilwa Masoko, nikashuka. Kondakta alidhani nimekosea.

"Lindi bado, bwana."

"Najua. Mzigo wangu ushushe Lindi, sokoni, uliza duka la vitambaa."

"Na wewe?"

"Mimi nakwenda kupiga simu."

"Mtu anashuka kwenye basi lililolipiwa kwenda kupiga simu," alimwambia dereva, na dereva akatikisa kichwa, kwa kuwa kweli ni jambo la kusikitisha.

Nilipata lori la chama cha ushirika, nikakaa juu ya magunia ya korosho. Saa nne asubuhi niko posta ya Kilwa Masoko. Karani alikuwa mwanamke wa makamo, miwani imefungwa kwa uzi. Laini ya Dar es Salaam ilikuwa moja, na mbele yangu kulikuwa na mzee mmoja amekaa kwenye benchi na bomba la chuma mapajani, limevunjika katikati.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Naomba unipishe nitangulie. Nina dharura."

"Hapa hakuna aliyekuja kusalimia, mwanangu. Trekta ya kijiji imekufa, na mimi ndiye niliyesaini kwamba ni nzima."

"Mama yangu yuko angani."

Mzee alinitazama. "Tangu lini?"

"Tangu jana asubuhi."

"Basi alishashuka. Kitu hakikai angani siku mbili."

"Ndiyo ninachotaka kujua, mzee. Ameshukaje."

Akalisogeza bomba lake pembeni. "Nenda. Trekta haitakufa mara ya pili."

Karani alipiga, akasubiri, akapiga, akaongea na mtu wa kituo cha katikati aliyekuwa anakula, ikabidi asubiriwe amalize. Nilihesabu vioo vya dirisha, kumi na viwili. Nikahesabu tena, kumi na viwili. Nilianza kuichukia namba yoyote inayokubali mara ya pili.

"Karakana hiyo," karani alisema, akanipa kipokeo. "Paza sauti. Laini imechoka."

Alikuwa mkuu mwenyewe.

"Mkuu, ni mimi. Ndege ya mahujaji imefika?"

"Nani?"

"Mahujaji! Wamefika?"

Posta nzima ilitega sikio. Hata mtu aliyekuwa anagonga mihuri alisimamisha mkono hewani.

"Wamefika," mkuu alisema. "Salama. Wamechelewa nusu saa."

Nikamgeukia mzee. "Wamefika." Akaitikia, "Alhamdulillahi," na watu wawili watatu nao wakaitikia. Nilitaka kuweka kipokeo chini hapo hapo. Kama kuna bei nzuri, huiongezi neno. Mama kafika, mkuu hajasema kitu, na karatasi iko mfukoni kwangu. Rufiji ni mto mpana na karatasi ni ndogo. Niliifikiria hesabu hiyo, sitasema sikuifikiria.

Lakini ndege ile ingerudi, na ingeondoka tena, na swichi ipo.

"Mkuu," nilisema, "nadhani nilichapa namba mbaya."

Laini ikakoroma. Nilidhani imekatika.

"Najua," alisema. "Kapteni ameniachia mimi jambo hili. Namba uliyochapa ameiandika kwenye ganda la sigara. Nimekaa nayo tangu jana nikiitafuta kwenye ramani. Inaangukia baharini. Ulipaki ndege ya mahujaji baharini. Nataka kujua tu, pale ni wapi?"

Kila mtu alikuwa ananitazama.

"Ni Lindi, mkuu," nilipaza sauti. "Nusu yake ni Lindi."

Kwa taabu, sauti ikija na kuondoka, alinieleza. Kapteni yule alikulia kwenye ndege za masanduku mawili, za watu wasioamini. Alipoketi hakuuliza fundi amefanya nini. Alifuta sanduku la pili, akachapa mwenyewe kutoka kwenye ramani yake. Kisha akatazama. La kwanza na la tatu yanasema kitu kimoja. La pili linasema kingine.

"Mawili kwa moja," mkuu alisema. "Kwa dini yako wewe, nani ameshinda?"

Nilijibu chini chini.

"Sijakusikia."

"Uongo umeshinda, mkuu."

"Eeh. Yeye akaliamini lile moja, akafuta yote, akaanza upya, watu wakakaa kwenye viti nusu saa. Ile swichi nimeibandika plasta. Ukirudi utaandika ripoti kwa mkono wako, na utakaa chumba cha betri mpaka nitakapochoka kukuona huko. Sasa toka kwenye laini."

Nilimrudishia karani kipokeo. Mzee wa trekta alipita mbele yangu na bomba lake, akasimama.

"Kwa hiyo na wewe ulisaini," alisema.

"Ndiyo, mzee."

"Ulitumia watu wangapi kuhakiki?"

"Mimi. Mara mbili."

"Mimi mara tatu," alisema, akaenda kupiga simu yake.

Chumba cha betri nilikaa miezi minne, na nguo zangu za wakati ule zote zina matundu ya tindikali. Tangu hapo mtu yeyote aliyefanya kazi chini yangu alijua sheria: anayechapa hahakiki, na anayehakiki hapewi karatasi ya aliyechapa, akaitafute namba mwenyewe, kwa njia yake. Vijana waliniona msumbufu. Wengine walisema napinga maendeleo.

Mama alirudi likizo yangu haijaisha, korosho zikiwa zimekwisha kuanikwa. Nyumba ya Mtanda ilijaa majirani waliokuja kumsalimia na kupokea tende na maji ya zamzam. Mimi nilikuwa nimekaa karibu na mlango, nahudumia birika. Akasimulia Makka, akasimulia joto, kisha mtu akamwuliza ndege.

"Tulikaa kwanza," mama alisema. "Milango imefungwa, ndege hairuki. Watu wakaanza kusoma dua. Huyu kaka yangu akamwita yule binti wa ndege, kuna nini? Binti akasema kuna mtu chini alikosea kuingiza namba, rubani anaingiza upya."

"Mtu gani?" jirani akauliza.

"Nitamjuaje? Binti hakumtaja." Alichukua tende, akaitoa kokwa polepole. "Rubani nilimwombea sana pale Arafa. Na yule wa chini nilimwombea. Nilisema, Mola wangu, mtu yule kokote alipo, mfikishe kwao salama. Maana akijua alichofanya, atakuwa njiani roho iko juu."

Majirani wakaitikia amina. Mjomba alikuwa anatazama mkeka.

Mama hakunitazama, wala sikupata kujua kama alijua, kwa sababu sikumwuliza siku ile, na miaka yote aliyoishi baadaye sikumwuliza. Nami niliitikia amina, nyuma ya wenzangu kidogo. Kisha nikanyanyua birika. Lilikuwa limebaki tupu, nikatoka kwenda kuongeza maji.